Majina ya Kuazima

Yai moja lilikuwa linachemka kwenye sufuria, na Virgil Marek alikuwa anapiga pasi tai ya marehemu mume wake juu ya meza ya jikoni, taulo limetandikwa chini ili meza isiungue. Zamani yalikuwa mayai mawili. Si bei iliyoliondoa la pili, ingawa bei nayo ilikuwa imepanda tena wiki ile, na pensheni ya kiwanda cha chuma haikuwa na habari na mayai. Wakubwa waliikata nusu ile pensheni siku waliyofunga kiwanda, wakaenda zao Florida kucheza gofu, wakauachia mji wa Port Garrity masizi kwenye kuta. Hayo Virgil alikuwa akiyasema kila asubuhi. Kwa miaka miwili sasa alikuwa akiyasema peke yake.

Akatoa vikombe viwili kabatini. Akakiangalia cha pili, akakirudisha.

Tai ilikuwa ya rangi ya zabibu. Emmett Sayles aliivaa miaka thelathini na mmoja akiwafundisha muziki watoto wa shule ya msingi, na hata alipostaafu aliivaa Jumapili. Siku za mwisho, hospitalini, sauti imebaki kama ya mtu anayepuliza chai, alimshika Virgil mkono akamwambia jambo moja tu: "Ukuta wa Kwa Dot. Waweke kibao. Watu wajue tulikuwepo."

Basi leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Saa nane mchana Kamati ya Majengo ya Zamani ilikuwa inakaa kuamua. Ikikubali, jengo lile la matofali la Mtaa wa Fenner, ambalo lilikuwa baa ya Dot Quarles na baadaye likawa duka la kufulia nguo kwa mashine, litawekewa kibao cha shaba chenye majina ya watu wake, na kilichowekewa kibao hakibomolewi. Ikikataa, kampuni ya maegesho ya magari italivunja Jumatatu.

Kwenye kopo la biskuti Virgil alitia picha kumi na moja na orodha ya polisi yenye muhuri, ambayo ilimchukua wiki saba kuipata; nakala zake kamati ilikuwa imeshapelekewa. Juu yake akaweka brashi ya kusugulia mawe na mkasi wa kukatia majani, maana ilikuwa wiki ya mwisho ya Mei, watu wanapopamba makaburi, na wakitoka kwenye kikao walikuwa na kazi yao ya kila mwaka katika makaburi ya Wajerumani, ng'ambo ya barabara kutoka kwa Dot.

Bernie Skala alikuwa anamsubiri kituoni, amekaa, mtungi wake wa oksijeni umesimama kando yake kwenye kitoroli kama mbwa aliyefunzwa. Alikuwa na miaka themanini na mmoja, nywele fupi nyeupe, koti la kiume alilonunua enzi akiendesha lori la mikate.

"Makubwa," Bernie akasema. "Tai! Mzee, unaoa tena?"

"Nakwenda mbele ya serikali."

"Hao wa kuvaliwa tai? Hao ungewaendea na ndara."

"Sikuivaa kwa ajili yao, dada."

Bernie akainyoosha ile tai shingoni mwa mwenzake kwa vidole viwili. "Najua, ndugu yangu. Imekaa vizuri."

Basi namba tisa lilikuwa limefutwa tangu Machi, kwa kubana matumizi, kama walivyosema wao wenye magari. Wakapanda namba nne, wakashuka mbali, wakatembea mitaa mitano, Bernie akivuta kitoroli na kumtukana meya kwa kila ufa wa njia ya miguu.

Mlangoni mwa jengo la halmashauri askari alifungua kopo. Alikuwa kijana mnene, mpole, mwenye funguo nyingi kiunoni.

"Mzee, hiki nini?"

"Mkasi wa majani."

"Silaha hii. Hauingii."

"Nimchome nani, mwanangu? Nina miaka sabini na tisa."

"Sheria, mzee. Utauchukua ukitoka." Akaufungia kwenye sanduku la chuma, akampa kipande cha plastiki chenye namba. "Ila mimi saa kumi kamili nafunga."

Lifti ilikuwa na karatasi ya kuomba radhi iliyobandikwa tangu Krismasi. Kikao kilikuwa ghorofa ya tatu. Walipanda, wakapumzika, wakapanda. Kwenye kila ngazi ya kupindia Bernie alikaa chini akavuta pumzi, akamwangalia Virgil kwa macho yaliyovimba, akasema, "Wameifanya makusudi. Wanatungojea tufe, ndiyo dawa yao." Kisha akacheka hadi akakohoa. "Lakini si tumewachelewesha? Miaka hamsini na mitano tumewachelewesha."

Wanakamati walikuwa watano nyuma ya meza ndefu, kila mmoja na glasi ya maji. Upande, kwenye kimeza kidogo, alikaa karani wa kuandika, msichana aitwaye Odalys kwa mujibu wa kibao mbele yake. Mbele ya kiti cha wasemaji kulikuwa na taa tatu: kijani, manjano, nyekundu. Kila mwananchi dakika tatu.

Ombi lao lilikuwa la sita. Waliketi saa nzima na nusu wakisikiliza mabishano ya rangi ya dirisha la mtu. Virgil alikuwa ameshika kopo mapajani. Alikuwa anamfikiria Emmett, namna alivyokuwa akipiga kinanda cha Dot kilichokosa funguo tatu, na namna alivyozikwepa zile funguo kama mtu anayeruka madimbwi.

"Namba sita," akasema mwenyekiti, Bi Whitcomb, mama wa makamo mwenye miwani ya mnyororo. "Mtaa wa Fenner, mia nne kumi na nane. Bwana Penhall, taarifa."

Bwana Penhall alikuwa mtafiti wa kamati, kijana wa shati safi. Alisimama na faili. Hakuwa mtu mbaya. Virgil aliona tangu mwanzo kwamba uso wake haukuwa na furaha na alichokuwa anataka kukisoma.

"Ombi linasema kwamba jengo hili lilikuwa mahali pa kukutania wapenzi wa jinsia moja wa mji huu kuanzia mwaka hamsini na nane hadi sabini na moja. Ushahidi ulioletwa ni wa aina mbili. Kwanza, picha kumi na moja." Akazitandaza nakala mezani. "Mwenyekiti, picha zote ni za viatu."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Bernie naye akacheka, kwa sababu yake mwenyewe.

"Viatu?" mwenyekiti akauliza.

"Viatu, chini ya meza. Hakuna uso hata mmoja."

Virgil akainua mkono kama mwanafunzi. "Mama, ilikuwa sheria ya Dot. Kamera ruksa, lakini chini ya meza. Picha ya uso ikidondoka mtaani, mtu anafukuzwa kazi Jumatatu. Ila sisi tunajuana kwa viatu. Hivyo vyeusi vya kamba, vilivyong'arishwa, ni vya Emmett. Mabuti yenye vidoa vya moto ni yangu, ya tanurini. Hivi vya kike vya kisigino, namba kumi na mbili, ni vya mpishi mmoja wa meli."

"Utapata nafasi yako, Bwana Marek," mwenyekiti akasema. "Endelea, Bwana Penhall."

"Ushahidi wa pili ni orodha ya polisi. Februari, mwaka sitini na nne, polisi walivamia na kukamata watu kumi na wanane. Kanuni yetu inataka watu watatu wa wakati ule ambao majina yao yanaonekana pia katika kumbukumbu nyingine za mji: kazini, nyumbani, shuleni. Nimeyatafuta majina yote." Akafungua ukurasa. "August Rehm. Alifariki mwaka elfu moja mia tisa na kumi na moja. Wilhelmina Kranz, elfu moja mia nane tisini na sita. Gottlieb Funk, elfu moja mia tisa na tatu. Mwenyekiti, kati ya watu kumi na wanane waliokamatwa usiku ule, kumi na saba walikuwa wameshakufa si chini ya miaka thelathini kabla."

Bernie akapiga paja lake kofi.

"Mungu wangu, Virgil! Umewapelekea Wajerumani!"

Virgil alikuwa amefumba macho. Wiki saba alizunguka dirisha kwa dirisha akiitafuta karatasi ile, kwa sababu alijua watu wa ofisini hawaamini mdomo, wanaamini muhuri. Na katika wiki saba zote hizo hakukumbuka hata siku moja kwamba karatasi yenyewe ilikuwa uongo mtupu, na kwamba uongo ule waliutunga wao. Kwake haukuwa uongo. Alipoliona jina la August Rehm limepigwa chapa pale, yeye alimwona Emmett amesimama na mikono kichwani. Ndivyo alivyolizoea.

"Unaweza kutueleza, Bwana Marek?" mwenyekiti akauliza.

Taa ya kijani ikawaka. Virgil akakaa kwenye kiti cha wasemaji.

"Ilikuwa hivi, mama. Zamani ukikamatwa mahali kama pale, polisi wanachukua jina, na kesho jioni gazeti linaliandika, na mtaa unaokaa, na unapofanyia kazi. Basi. Kazi huna, nyumba huna, mama yako hakufungulii mlango. Dot alikuwa ameona hayo yakiwapata watu wengi. Kwa hiyo mtu mpya akija mara ya pili au ya tatu, Jumapili mchana, Dot alimshika mkono akamvusha barabara mpaka makaburini. Akamwambia, chagua. Unachagua kaburi la mtu asiye na wa kumjia, unasoma jina, unasoma tarehe, unalikariri mpaka ukiamshwa usingizini unalisema. Hilo ndilo jina utakalompa polisi."

"Majina ya marehemu," mjumbe mmoja akasema.

"Ya kuazima. Na cha watu unakilipia. Kila Mei ulitakiwa uende ukamsafishie kaburi lake. Dot alikuwa mkali kwa hilo. Alisema marehemu amekukopesha kitu pekee alichobakiwa nacho, sasa wewe unashindwa kumng'olea majani?"

Mwenyekiti alivua miwani. Virgil aliona kwamba anasikiliza, akaingiwa na matumaini.

"Usiku wa Februari walitupanga ukutani. Afande mmoja mrefu akamfikia Emmett. Emmett alikuwa mtu mweusi, mama, mweusi kama kinanda cha Dot. Akamwuliza jina. Emmett akasema, August Rehm. Afande akamwangalia juu mpaka chini. Akasema, 'Wewe? Rehm? Umeupata wapi Ujerumani?' Emmett akamjibu, taratibu kabisa, 'Sijui ya baba, afande. Ila mama alinizaa Agosti.' Akaandika! Gazeti lilipotoka kesho yake mji mzima ulitafuta August Rehm ni nani, na Emmett Jumatatu alikuwa darasani anafundisha watoto nota. Miaka thelathini na mmoja. Huenda kati yenu kuna aliyefundishwa naye."

Taa ya manjano ikawaka.

Mwanasheria wa mji, aliyekuwa amekaa mwisho wa meza akichezea kalamu, akajisogeza kwenye kipaza sauti. "Mwenyekiti, nalazimika kumtahadharisha mzee. Kumpa polisi jina la uongo ni kosa. Ni zamani, sisemi atashtakiwa. Lakini kikao hiki ni cha wazi, na kila anachokisema kinaandikwa."

"Kila kitu?" Virgil akauliza.

"Kila neno."

Virgil akamgeukia karani Odalys, ambaye vidole vyake vilikuwa vinakimbia. "Na karatasi hizo mnazipeleka wapi?"

Odalys akamtazama mwenyekiti kwanza. "Zinatunzwa, mzee. Daima. Hazitupwi."

"Bwana Penhall," mwenyekiti akaingilia, "ulisema kumi na saba. Huyo wa kumi na nane?"

Penhall akageuza ukurasa. "Wa kumi na nane amethibitika, mwenyekiti. Theodore Lisko, miaka ishirini na sita, karani wa posta. Jina lake ni la kweli. Lilitoka gazetini na anwani yake. Posta walimfuta kazi siku ya tatu. Siku ya nane..." Akafunga faili. "Siku ya nane alikutwa ziwani."

"Kwa hiyo tunaye mmoja," mwenyekiti akasema kwa upole, na upole wenyewe ndio uliomchoma Virgil. "Kanuni inataka watatu. Ninasikitika, Bwana Marek. Wangekuwepo wawili wengine kama huyu Lisko, mkono wangu ungekuwa mwepesi."

Virgil alikuwa anamwona Lisko, Teddy kama walivyomwita, na viatu vyake vipya vya rangi mbili, kahawia na nyeupe, alivyovinyoosha mbele ya kamera kwa majivuno. Alikuwa amekuja mara mbili. Dot alimwambia Virgil, "Mvushe huyu barabara, kaburi lake nimeshamchagulia, Emil Sauer, karibu na mfereji." Na Virgil akatazama nje, theluji inapiga, mabuti yake yanavuja, akasema, "Tutakwenda Jumapili ijayo." Uvamizi ulikuwa Jumamosi.

"Wawili wengine kama Teddy," Virgil akasema. "Yaani sisi tuliopona ndio tuliokosea. Tungeangamia watatu, kibao mngetupa."

Taa nyekundu ikawaka. Kengele ndogo ikalia.

"Dakika zako zimekwisha, Bwana Marek."

"Mimi nina zangu!" Bernie akapaza sauti, akisimama kwa kushika mgongo wa kiti. "Bernadine Skala. Dakika zangu tatu nampa huyu mzee, maana mimi pumzi ninayonunua kwa mtungi siwezi kuimalizia kwa mwanasheria."

Mwenyekiti akamtazama mwanasheria. Mwanasheria akainua mabega. Kanuni iliruhusu. Taa ikarudi kijani.

Virgil akaacha kuitazama meza ndefu. Alikigeuza kiti chake, kikakwaruza sakafu, akamkabili Odalys.

"Andika, binti. Nitakwenda polepole.

"August Rehm ni Emmett Sayles, mwalimu wa muziki. Gottlieb Funk ni mimi, Virgil Marek, wa tanuri namba mbili. Wilhelmina Kranz ndiye huyo mwenye mtungi, Bernadine Skala; kama ulikula mkate mji huu, aliuleta yeye. Ottilie Baum alikuwa Ruth Ann Pickett, nesi wa zamu ya usiku. Heinrich Loeb alikuwa Wendell Crabbe, fundi viatu, ndiye aliyekuwa anatung'arishia kabla ya picha. Konrad Vogt tulimwita Malkia. Jina lake la kweli sikulijua, wala hakuna aliyelijua, alikuwa mpishi wa meli, mwenye visigino. Andika hivyo hivyo: Malkia, mpishi wa meli."

Aliendelea. Penhall alikuwa amefungua tena faili na kalamu, anaweka alama. Watatu Virgil hakuwajua majina ya kweli, akawataja kwa viatu. Dot mwenyewe alimtaja karibu na mwisho: "Magdalena Stroh alikuwa Dorothea Quarles, mwenye nyumba. Ameshatutangulia. Namshukuru. Kila siku niliyoishi baada ya usiku ule nimeishi kwa hisani yake, na hapa nataka iandikwe kwamba tulishukuru, isije ikadhaniwa tulikuwa watu wa kulia tu."

Manjano.

"Na Theodore Lisko alikuwa Theodore Lisko. Hakujua. Mimi ndiye niliyetakiwa kumvusha barabara, nikaona baridi. Andika na hilo."

Nyekundu. Safari hii kengele haikulia; mtu alikuwa ameifunika kwa kiganja, na Virgil hakuona ni nani.

Walipiga kura. Wanne walikataa, mmoja, yule aliyesema "majina ya marehemu," alikubali. Mwenyekiti akasema kanuni haihesabu majina yaliyotajwa kwa mdomo tu, kwamba kamati inamshukuru sana Bwana Marek kwa simulizi yake ya kugusa moyo, na kwamba anaweza kuomba tena baada ya miezi kumi na miwili.

"Baada ya miezi kumi na miwili patakuwa na magari pale," Virgil akasema.

"Namba saba," akasema mwenyekiti.

Walikuwa wameshuka ghorofa moja waliposikia viatu vinakimbia nyuma yao. Alikuwa Odalys, daftari mkononi, amekimbia bila koti.

"Samahani, mzee. Yule Malkia. Niandike mpishi wa meli zipi?"

Virgil akasimama na mkono kwenye ukingo wa ngazi. "Za madini. Za ziwani."

"Nilifikiri hivyo, ila sikutaka nibahatishe." Akaandika, akiwa ameegemeza daftari ukutani. "Jengo wanaweza kulivunja. Hii hawawezi. Hata meya hana ruhusa ya kufuta mstari mmoja. Nilitaka mjue."

"Mungu akuzidishie, binti," Virgil akasema.

"Na akupe mshahara," Bernie akamalizia. "Maana hao hawakupi."

Odalys akacheka, akapanda tena.

Chini, saa ya ukutani ilikuwa saa kumi na robo. Kiti cha askari kilikuwa kitupu na sanduku la chuma limefungwa. Virgil aligonga kwa kile kipande cha plastiki, akaita, hakuna. Mkasi wa Emmett ungelala serikalini mpaka kesho.

"Tutang'oa kwa mikono," Bernie akasema.

Makaburi ya Wajerumani yalikuwa na uzio wa chuma ulioinama, na hakuna aliyekuwa akiyajali ila wao. Zamani Mei walikuja watu kumi na saba, na kinanda cha mdomo, na sandwichi za Dot za mayai. Kisha kumi na wawili. Kisha maradhi yale ya miaka ya themanini yakapita, wakubwa wakiwa wamefunga midomo na mifuko, wakabaki watano. Sasa wawili, na makaburi ni yale yale, maana aliyekufa alimwachia mwenzake wa kumsafisha.

Jua lilikuwa bado juu. Virgil alipiga magoti kwa August Rehm. Alisugua jiwe kwa brashi mpaka herufi zikatoka, akang'oa majani kwa vidole, akazungushia udongo kwenye mzizi wa ua alilolipanda Emmett mwaka wa mwisho alipoweza kuinama. Lilikuwa limechipua.

"Bwana Rehm," akasema, kama mtu anayezungumza na jirani juu ya ukuta. "Leo tumekurudishia jina lako. Limekaa kwetu miaka hamsini na mitano. Lilimvusha mtu wangu mpaka uzeeni, nikamwoa, nikamzika mimi mwenyewe kwa jina lake la kweli. Asante, bwana. Asante sana."

Akaenda kwa Gottlieb Funk, akasema hivyo hivyo, kwa maneno machache zaidi. Bernie alikuwa amekaa chini kwa Wilhelmina, mtungi umelazwa kwenye nyasi, anang'oa na kumsimulia mambo ya kikao, akimwiga mwanasheria.

La mwisho kila mwaka lilikuwa lile la karibu na mfereji. Emil Sauer, seremala. Jina lake halikuwahi kutumika. Virgil alilisafisha lile kuliko yote, mpaka kwenye pembe za jiwe, na hapo hakuwa na la kurudisha wala la kushukuru. Alisugua tu. Kisha akafungua kopo, akatoa picha ya viatu vya rangi mbili, akaiegemeza kwenye jiwe, akaweka kijiwe juu isipeperuke.

Ng'ambo ya barabara, kwenye ukuta wa Dot, tingatinga la manjano lilikuwa limeshaegeshwa, siku nne kabla. Dereva wake, mwanamume wa makamo mwenye fulana ya kazi, alivuka kuja kwenye uzio kuvuta sigara. Aliwatazama wazee wawili wenye magoti ya udongo.

"Poleni na kazi," akasema. "Mna ndugu zenu hapa?"

Virgil hakuinua kichwa. Alikuwa ameshika shina moja lenye mizizi mirefu, la aina ile inayorudi kila mwaka.

"Kumi na wanane," akasema, akalivuta mpaka likatoka.